Kupokezana Uongozi katika Dayosisi ya Ziwa Nyasa, 1892–1999

Dayosisi ya Nyasa, mama wa dayosisi za Kianglikana zilizopo leo kusini-magharibi mwa Tanzania, ilianzishwa mwaka 1892, na katika miaka minne ya mwanzo iliwekewa maaskofu watatu. Wa kwanza alijiuzulu kwa sababu ya maradhi, wa pili alizama ziwani kabla hajafika kwenye kiti chake, na wa tatu alikuwa daktari aliyeombwa kurudi mahali alipokwisha kufanya kazi. Wala kasi hiyo haikukoma hapo, kwani hadi mwaka 1910 dayosisi ilikuwa imeingia mikononi mwa askofu wa tano. Taasisi nyingine ingevunjika kwa mapito ya namna hiyo. Dayosisi ya Nyasa haikuvunjika, na sababu yake inaonekana mtu akiwatazama waliokaa nafasi ya pili: maarkidikoni, mapadre wazawa na walimu wa vijijini.

Makao makuu yalikuwa kisiwa cha Likoma, lakini eneo la dayosisi lilikuwa ziwa lenyewe na pwani zake. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 580 hivi. Baada ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, pwani zake zilikuja kuwa chini ya bendera tatu. Upande wa magharibi na kusini walikuwapo Waingereza, upande wa mashariki Wareno, na kaskazini-mashariki Wajerumani. Mto Songwe, unaopita Njisi na Kasumulu kabla ya kumwaga maji yake ziwani, ulifanywa mpaka kati ya Wajerumani na Waingereza. Askofu wa Likoma alikuwa na Wakristo katika nchi zote tatu, naye aliwafikia kwa mashua.

Watu wa Kyela wanafahamu kwamba katika ncha yao ya kaskazini ya ziwa Waanglikana hawakuwa wa kwanza. Nchi ya Wanyakyusa iligawanywa mwaka 1891 kati ya misheni mbili za Kijerumani. Wamoraviani walichukua magharibi wakajenga Rungwe mwaka huohuo, kisha Ipyana karibu na ziwa. Misheni ya Berlin ilichukua mashariki, na Ikombe, ng'ambo ya Matema, ikawa mojawapo ya vituo vyake. Waanglikana walianzia kusini zaidi, katika mwambao wa Manda, Liuli na Mbamba Bay. Hata hivyo historia ya pande hizo mbili haitenganishiki. Ziwa ni moja, meli zilizoondoka Itungi ziliteremsha abiria Lupingu, Manda na Liuli, na mpaka uliochorwa Songwe ndio ulioigawa dayosisi ya Likoma baada ya miaka 62.

Ili mapokezano ya uongozi yaeleweke, yafaa kwanza kueleza ngazi zenyewe. Askofu ndiye pekee anayeweza kutoa kipaimara na kuwawekea mikono mashemasi na mapadre. Chini yake yuko arkidikoni, padre mwandamizi anayesimamia mapadre na mitaa ya eneo fulani kwa niaba ya askofu. Yeye ndiye anayekagua majengo na hesabu, anayejua mwalimu yupi amechoka na yupi ana ugomvi na mtemi, na anayempelekea askofu majina ya wanaofaa kupewa daraja. Askofu akifa au akihama, kiti hubaki wazi. Ibada za kila siku huendelea, ubatizo na mazishi huendelea, lakini kipaimara husimama na hakuna padre mpya anayepatikana mpaka askofu mwingine awekwe wakfu. Zamani, hilo lilihitaji barua kusafiri hadi Uingereza na kurudi, na mteule kusafiri miezi kwa meli, kwa mtumbwi na kwa miguu. Wakati wa kungoja ndipo thamani ya arkidikoni ilipopimwa.

Misheni iliyoizaa dayosisi hii ni ile ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi zake UMCA. Ilianzishwa baada ya hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge mwezi Desemba 1857. Jaribio lake la kwanza kulikaribia ziwa lilikwisha kwa msiba: askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwezi Januari 1862 kwenye makutano ya mito Ruo na Shire. Mrithi wake, William Tozer, aliamua mwaka 1864 kuihamishia misheni Unguja. Wapo waliomlaumu kwa kurudi nyuma, lakini uamuzi wake ulikuwa wa busara. Unguja misheni ilipata muda wa kujifunza Kiswahili, kufundisha vijana waliokombolewa utumwani na kuandaa watu. Chini ya Edward Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874 hadi 1882, kazi ilianza kurudi bara. Masasi ilianzishwa mwaka 1876, na mwaka huohuo waliwasili Unguja vijana wawili waliosoma pamoja Oxford, Chauncy Maples na William Percival Johnson.

Urafiki wa wawili hao ndio msingi wa uongozi wote uliofuata. Maples alikuwa mtu wa mipango, barua na mazungumzo, na alipangiwa Masasi. Johnson alikuwa mtu wa safari. Alikaa kwa Mataka, mtawala wa Wayao huko Mwembe, hadi alipofukuzwa, kisha akalielekea ziwa. Mwaka 1882 alifika pwani ya Nyasa pamoja na padre Charles Janson, ambaye alikufa mara tu baada ya kuyaona maji. Johnson akabaki peke yake. Macho yake yaliharibika kwa maradhi kiasi cha kukaribia upofu, lakini katika hali hiyohiyo alikwenda Uingereza kukusanya fedha za meli. Meli hiyo ilipewa jina la Charles Janson na ikaanza kazi ziwani mwaka 1885. Mwaka uliofuata Maples alijiunga naye akiwa arkidikoni, na Likoma ikawa makao yao. Walichagua kisiwa kwa sababu bara kulikuwa na hofu ya mashambulizi ya Wangoni, ambao watu wa ziwani waliwaita Magwangwara. Masasi yenyewe ilikuwa imevamiwa nao mwaka 1882.

Kwa miaka kadhaa Likoma ilikuwa chini ya askofu wa Unguja, Charles Smythies, aliyepita kwa miguu kutoka pwani ya bahari hadi ziwani kuwatembelea. Kazi hiyo ilimshinda nguvu. Ndipo ikakubaliwa kwamba ziwa liwe dayosisi yake lenyewe, na mwezi Desemba 1892 Wilfrid Hornby aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Nyasa. Afya yake ilimwangusha upesi, na mwaka 1894 alijiuzulu. Smythies naye alifia baharini mwezi Mei mwaka huohuo. Kwa mkupuo mmoja misheni nzima, Unguja na Nyasa, ikawa haina askofu.

Safari hii jibu la Nyasa lilikuwa ndani ya nyumba. Arkidikoni Maples alikuwa amekaa Afrika miaka 18 na alifahamu lugha, njia na watu. Aliwekwa wakfu katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, tarehe 29 Juni 1895, akaanza safari ya kurudi bila kukawia. Wakati yuko njiani, mwezi Agosti, padre George Atlay aliuawa na kundi la Wangoni katika pwani ya mashariki inayotazamana na Likoma. Maples alipofika kusini mwa ziwa alipanda mashua ya tanga ili awahi kisiwani. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1895 dhoruba iliipindua mashua hiyo karibu na Salima. Mabaharia Waafrika waliogelea hadi nchi kavu, lakini Maples na mwenzake Joseph Williams walizama. Mwili wa askofu ulizikwa Nkhotakota. Mwezi uliofuata, padre Arthur Sim, aliyekuwa akisimamia kituo cha Nkhotakota, naye akafa kwa homa.

Pigo hilo lina uzito wake katika historia ya dayosisi, kwani ndani ya miezi mitatu walikuwa wameondoka askofu, padre wa pwani ya mashariki na padre wa pwani ya magharibi. Maples alikuwa askofu kwa siku 65 tu na hakufika Likoma hata siku moja akiwa na cheo hicho. Waliobaki walikuwa wachache, wengi wao wagonjwa, na mtu wa kuwashikilia alikuwa Johnson. Hakuchukua uaskofu. Alichukua kazi aliyoiacha rafiki yake, na kuanzia mwaka 1896 akawa Arkidikoni wa Nyasa.

Askofu aliyeletwa mwaka huo alikuwa John Hine. Alikuwa daktari wa tiba kabla ya kuwa padre, na alikwishafanya kazi Likoma na Unangu, katika nchi ya Wayao upande wa Wareno. Uteuzi wake unaonyesha kwamba misheni ilikuwa imejifunza kumweka mtu anayejua mahali, na mahali panapomjua. Alikaa miaka mitano, akahamishiwa Unguja mwaka 1901. Gerard Trower alimfuata mwaka 1902 hadi 1909, kisha akapelekwa Australia. Wakati wa Trower ndipo lilipojengwa kanisa kuu la Mtakatifu Petro hapo Likoma, kuanzia mwaka 1903 hadi 1905, jengo la mawe ambalo bado linawashangaza wanaoteremka kisiwani. Cathrew Fisher alipokea kiti mwaka 1910 na, tofauti na waliomtangulia, alikaa hadi 1929.

Maaskofu hawa walikuja na kuondoka, na wote walimkuta Johnson. Akihesabiwa tangu alipofika Afrika, alitumika chini ya maaskofu saba: Steere, Smythies, Hornby, Maples, Hine, Trower na Fisher. Maisha yake yalikuwa ya mashua na mchanga wa pwani. Aliishi kwa chakula cha wenyeji, alilala penye mizigo, na shule zake nyingi zilianza chini ya mti kabla ya kupata kuta. Mwalimu mmoja aliachwa kijijini, na arkidikoni alirudi baada ya majuma kadhaa kusikiliza wanafunzi wakisoma, kuamua kesi, kubatiza na kuendelea mbele. Huku macho yake yakiwa hafifu, alitafsiri Biblia nzima katika Kichinyanja cha Likoma, ikachapishwa mwaka 1912. Aliandika pia kitabu kuhusu ziwa na watu wake, kilichotoka mwaka 1922, na kingine cha kumbukumbu zake, mwaka 1924.

Chombo kikubwa cha utumishi huo kilikuwa meli Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama. Iliundwa Scotland, ikafumuliwa, ikasafirishwa kupitia mito Zambezi na Shire katika maelfu ya mizigo, ikaunganishwa upya na kuingizwa majini mwaka 1901. Ndani yake palikuwa na nafasi ya kufundishia walimu na ya kutibia wagonjwa. Meli hiyo inastahili kutajwa katika habari za uongozi, kwa sababu kwa miaka kadhaa ndimo walimofunzwa vijana waliokuja kuwa walimu na mapadre wa mwambao. Mwanafunzi alisoma asubuhi, na jioni aliona kwa macho yake jinsi arkidikoni anavyosimamia mtaa.

Orodha ya mapadre wa kwanza wazawa katika dayosisi hiyo ni fupi, na kila jina lina uzito. Yohana Barnaba Abdallah, Myao, alipewa upadre mwaka 1898 na akaachiwa Unangu, kituo kilekile alichokuwa amekifungua Hine. Askofu alimkabidhi padre wa nchi hiyo kituo chake mwenyewe, na Abdallah alikiongoza kwa miaka mingi bila Mzungu juu yake pale kituoni. Aliandika pia historia ya Wayao kwa lugha yao, ikachapishwa mwaka 1919. Augustine Ambali alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Unguja. Alikwenda Nyasa na waanzilishi, akapewa upadre mwaka 1906 na baadaye heshima ya kanoni. Naye Leonard Kamungu alifanywa padre mwaka 1909 na akajitolea kwenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambako alikufa mwaka 1913.

Dosari ya wakati huo haifichiki. Watu wa namna ya Abdallah na Ambali walikuwa na uzoefu kuliko mapadre wengi vijana waliotoka Uingereza, lakini ngazi ya arkidikoni na ya askofu haikufunguliwa kwao. Waliaminiwa kufa katika kituo cha mbali, hawakuaminiwa kuketi katika baraza linaloamua nani ahamishwe. Hesabu ya dayosisi kama mwajiri ilikuwa mbaya pia, kwani maaskofu wa kigeni waliondoka mmoja baada ya mwingine, huku watu ambao mwili wao na lugha yao vilikuwa vya hapohapo wakingoja nusu karne.

Vita Kuu ya kwanza ilithibitisha hayo bila mtu kuyapanga. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya kivita ya Waingereza, Gwendolen, ilikwenda Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na kuiharibu meli yao Hermann von Wissmann ikiwa ufukoni kwa matengenezo. Chauncy Maples yenyewe ilichukuliwa kwa kazi za jeshi. Kwa miaka kadhaa pwani ya Kijerumani haikufikika kwa urahisi kutoka Likoma, na makanisa yake yalibaki mikononi mwa walimu. Huku Kyela na Rungwe mambo yalikwenda kwa sura hiyohiyo. Majeshi ya Waingereza yalipoingia mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Waskoti wa Livingstonia wakapewa uangalizi wa vituo ambavyo hawakuwa na watu wa kutosha kuvikalia. Wazee na wainjilisti wa Ipyana, Rutenganio na Rungwe ndio walioendesha ibada hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Hapa majirani wa Kyela wanatoa mfano wa kulinganisha unaofaa. Kwa Wamoraviani, askofu si mtawala wa jimbo. Ni mchungaji wa kiroho na mwenye kuwawekea mikono wachungaji, wakati utawala uko kwa mwenyekiti na halmashauri iliyochaguliwa na sinodi. Akifa askofu, ofisi haisimami. Kwa Waanglikana, mamlaka ya kiroho na ya utawala yako kwa mtu mmoja, kwa hiyo kila badiliko la askofu linaitikisa dayosisi yote, kuanzia daftari za hesabu hadi altare. Mfumo wa Kianglikana una nguvu ya umoja, lakini unadai wasaidizi imara. Dayosisi isiyo na arkidikoni mwenye kuaminika hugeuka kuwa vituo vilivyotawanyika mara kiti kinapokuwa wazi.

Johnson alikufa Liuli mwezi Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 74, na akazikwa hapohapo. Alikuwa amekaa ziwani miaka 46. Fisher aliondoka mwaka uliofuata. Kuondoka kwa arkidikoni na askofu ndani ya miezi michache kulifunga kipindi kizima. Gerald Douglas alipokea mwaka 1930, akaacha mwaka 1934, na kiti kikabaki wazi hadi Frank Thorne alipowekwa mwaka 1936. Thorne alikaa miaka 25, muda mrefu kuliko askofu yeyote wa Nyasa. Katika wakati wake hospitali, shule na mitaa vilitulia, na mapadre Waafrika wakawa wengi kuliko Wazungu katika vituo vya kando ya ziwa.

Mpaka wa Songwe ulidai haki yake mwaka 1952. Tanganyika na Nyasaland zilikuwa zikienda njia mbili. Nyasaland ilikuwa inavutwa kwenye shirikisho na Rhodesia mbili, na Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Shule za Tanganyika zilifundisha kwa Kiswahili, wakati kanisa la Likoma lilisali kwa Kichinyanja. Pwani ya Tanganyika na milima iliyo nyuma yake ikatolewa Likoma na kufanywa dayosisi mpya ya Tanganyika Kusini-Magharibi, ambayo makao yake yakawa Njombe. Mwaka 1955 Nyasaland ikaingia katika Jimbo la Afrika ya Kati, na mwaka 1960 dayosisi ya Njombe ikaingia katika Jimbo la Afrika Mashariki. Waumini waliokuwa wakivuka maji kwenda kwa askofu mmoja sasa walikuwa na maaskofu wawili na maaskofu wakuu wawili.

Askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo alikuwa Leslie Stradling, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1945. Lilikuwa chaguo la hekima. Alikuja na uzoefu wa miaka saba wa kuongoza dayosisi ya Tanganyika, akajikuta na mapadre waliolelewa katika desturi za Likoma. Kati ya mapadre hao alikuwapo Josiah Mtekateka. Alizaliwa mwaka 1903, akafundishwa ualimu, akapewa ushemasi mwaka 1939 na upadre mwaka 1943. Dayosisi ilipogawanywa alibaki upande wa Tanganyika. Alifanya kazi Manda, Milo na Njombe, na hatimaye akawa arkidikoni wa Njombe.

Uteuzi huo ulikuwa mabadiliko makubwa kuliko kuja kwa askofu yeyote. Cheo alichokishika Maples kwanza, kisha Johnson kwa zaidi ya miaka 30, kilikuwa kimefika kwa Mwafrika. Mapadre wa milimani Ludewa na wa pwani ya Manda sasa walitoa hesabu kwa mtu wa lugha zao, aliyejua njia ya kutoka Milo hadi ziwani kwa miguu yake mwenyewe. Wakati huo Stradling alikuwa amehamia Johannesburg mwaka 1961, na John Poole-Hughes, padre aliyekwishatumika Tanganyika, alikuwa amepokea kiti mwaka 1962. Askofu mpya alikuwa na arkidikoni mzoefu, kama maaskofu wa zamani walivyokuwa na Johnson. Tofauti ni kwamba safari hii arkidikoni hakuachwa azeekee pale.

Mwaka 1965 Mtekateka aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Malawi, Mmalawi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, na mwaka 1971 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Ziwa Malawi. Njombe ilimpoteza kiongozi wake mkuu wa pili, lakini ziwa lilimpata askofu aliyefunzwa kazi ya usimamizi upande wa Tanganyika. Kwa maneno mengine, mpaka wa mwaka 1952 ulivukwa tena na mtu mmoja, na dayosisi mama ikaongozwa na padre aliyetoka kwa binti yake.

Mwaka huohuo wa 1971, mwaka mmoja baada ya Tanzania kuwa jimbo linalojitegemea chini ya Askofu Mkuu John Sepeku, mwambao wa kusini ukatengwa na Njombe kuwa Dayosisi ya Ruvuma. Liuli, pamoja na kaburi la Johnson na hospitali ya Mtakatifu Anna, ikaingia huko. Poole-Hughes aliondoka mwaka 1974, akaja kuwa askofu wa Llandaff huko Wales. Aliyempokea ni Joseph Mlele, askofu wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika Kusini-Magharibi, na baada yake Charles Mwaigoga.  Uchaguzi umekuwa kazi ya sinodi, ambamo mapadre na walei hukaa pamoja na kupiga kura, mahali pa barua iliyokuwa ikiandikwa Canterbury.

Mabadiliko ya namna ya kuchagua yalileta pia mabadiliko ya ofisi. Katika enzi ya Likoma, arkidikoni alikuwa mikono, macho na kumbukumbu ya askofu. Leo kazi hiyo imegawanywa. Dayosisi ina katibu mkuu anayesimamia ofisi na watumishi, mhasibu anayesimamia fedha, na maarkidikoni kadhaa, kila mmoja na eneo lake. Askofu anapokaribia kustaafu, katibu na maarkidikoni ndio wanaoandaa taarifa za mitaa, wanaokamilisha hesabu na wanaohakikisha sinodi inaitishwa kwa mujibu wa katiba. Kazi hiyo haionekani siku ya sherehe. Lakini pale ilipofanywa kwa uaminifu askofu mpya alianza kazi juma lilelile, na pale ilipopuuzwa mwaka wa kwanza ulipotea katika kutafuta hati za viwanja.

Waanglikana wa Mbeya na Kyela walibaki sehemu ya dayosisi ya Njombe hadi karne ilipokaribia kwisha. Umbali ulikuwa mzigo, kwani kutoka Njisi hadi Njombe mtu hupanda kutoka joto la ziwani, akapita Tukuyu na Mbeya, kisha akakata uwanda wa Usangu kabla ya kufika kwa askofu wake. Mwaka 1999 iliundwa Dayosisi ya Nyanda za Juu Kusini yenye makao Mbeya, na John Mwela akawa askofu wake wa kwanza. Kwa kuundwa kwake, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ilipata askofu wa Kianglikana aliye ndani ya mkoa wake kwa mara ya kwanza, miaka 107 baada ya Hornby kuwekwa wakfu kuwa askofu wa ziwa lote.